Homework Nyingi Ni Deni la Shule Linalolipwa Nyumbani

Ukiuliza kwenye intaneti ni nani alianzisha homework, utapewa jina moja haraka sana: Roberto Nevilis, eti mwalimu wa Venice, Italia, aliyetaka kuwaadhibu wanafunzi wake wavivu mwaka 1905. Kuna picha za kumcheka kibao, na kila Jumapili jioni kuna mtoto mahali anamlaani. Hiyo ni stori ya jaba. Mwaka 1901, miaka minne kabla ya huyo jamaa kuamka na wazo lake, jimbo la California kule Marekani lilikuwa tayari limepitisha sheria ya kukataza shule kuwalazimisha watoto wa chini ya miaka 15 kufanya kazi ya shule nyumbani. Huwezi kupiga marufuku kitu ambacho hakijazaliwa.

Nimeanza na Nevilis kwa sababu anatupatia mtu mmoja wa kulaumu, na hata sisi hapa Kenya tunapenda sana mtu mmoja wa kulaumu. Leo ni mwalimu wa Grade 4. Jana alikuwa waziri. Juzi ilikuwa 8-4-4. Lakini ukifuatilia historia yenyewe unaona kitu kingine: kazi nyingi ya nyumbani ni kazi ambayo shule ilishindwa kuimaliza ndani ya siku, ikamfungia mtoto kwenye begi aende nayo. Ni deni la shule. Na kila wakati, aliyelilipa ghali zaidi ni mtoto ambaye kwao hakuna meza, hakuna taa, na hakuna mtu wa kumwelekeza.

Wamarekani waligombana kuhusu hili mapema, kwa hivyo tuanzie huko kidogo kabla ya kurudi nyumbani. Miaka ya 1890, daktari mmoja aliyeacha kutibu watoto akaanza kuchunguza shule zao, Joseph Mayer Rice, aliwapima tahajia zaidi ya watoto 30,000. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1897 yaliwakera walimu wengi: shule zilizokaririsha tahajia kwa muda mrefu hazikuwa mbele ya zile zilizotumia muda mfupi. Mwaka 1900 Edward Bok, mhariri wa jarida la Ladies' Home Journal, akaanza kampeni dhidi ya kazi ya nyumbani akisema inawaharibu watoto afya. Mwaka uliofuata California ikapitisha ile sheria. Ilidumu hadi 1917, ikafutwa.

Halafu tarehe 4 Oktoba 1957 Urusi ya wakati huo, yaani Muungano wa Kisovieti, ikarusha Sputnik angani. Marekani ikashikwa na hofu kwamba watoto wake wamelala. Mwaka 1958 bunge lao likatenga pesa nyingi za kusomesha sayansi na hesabu, na begi la mtoto likaanza kuwa zito tena. Mwaka 1983 ikatoka ripoti nyingine ya kutisha, safari hii wakiiogopa Japani kibiashara, nayo ikadai wanafunzi wa sekondari wapewe kazi zaidi. Sasa angalia vizuri. Ni mara ngapi hapo umesikia mtu akisema "tuongeze kwa sababu tumepima na tumeona watoto wanaelewa zaidi"? Kazi ilipanda kila watu wazima walipoogopa. Mtoto alikuwa anabeba hofu ya wengine.

Sasa turudi Kenya, maana na sisi tuna hofu yetu, na hofu yetu inaitwa mtihani.

Kwetu mazoea ya kusoma usiku yaliingia kupitia bweni. Shule kama Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, zilifuata mfano wa shule za bweni za Uingereza, na kwenye ratiba ya shule za aina hiyo kuna kile tunachokiita preps mpaka leo. Hebu fikiria preps inahitaji nini. Mwanafunzi ana dawati. Ana taa. Ana wenzake wa kuwauliza. Kuna mwalimu wa zamu au kiranja anayezunguka. Chakula ameshakula, na kuni hakuokota yeye. Shule imetoa kila kitu. Shule za kutwa zilipochukua mazoea hayo, zilichukua kazi tu. Taa, meza na mwalimu zilibaki bwenini.

Kilichofanya kazi izidi ni mchujo. Ripoti ya Kamati ya Beecher ya mwaka 1949 ilipanga elimu ya Waafrika kwa ngazi za miaka minne minne, na mtihani wa kuchuja kati ya ngazi na ngazi. Watoto wengi waliishia darasa la nne. Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilisaidia kupanua shule na kuunganisha mfumo uliokuwa umegawanywa kwa rangi, lakini mlango wa sekondari ukabaki mwembamba. Mlinzi wa mlango huo alikuwa CPE, mtihani wa darasa la saba: Kiingereza, hesabu, na karatasi ya maarifa ya jumla. Uliza wazee wenu. Wengi walirudia darasa la saba mara mbili, wengine tatu, si kwa ujinga, ila kwa sababu nafasi zilikuwa chache kuliko watoto. Shule za harambee zilijengwa kwa sababu hiyo hiyo.

Hapa kuna kipande cha historia ambacho hatukizungumzii kabisa na nadhani ndicho muhimu kuliko vyote. Miaka ya 1970, mtaalamu anayeitwa Tony Somerset alikaa akachambua maswali ya CPE. Aliona mengi yalipima kukumbuka tu, na kwamba baadhi yaliwapendelea watoto wa mjini na wa familia zenye vitabu. Kuanzia katikati ya muongo huo maswali yakaanza kubadilishwa yawe ya kufikiri, na shule zikawa zinatumiwa jarida la kuonyesha watoto walikosea wapi na kwa nini. Yaani badala ya kumwambia mwalimu "ongeza bidii", mtihani wenyewe ulirekebishwa, kisha mwalimu akapewa habari ya kumsaidia mtoto. Kazi ya jioni hufuata mtihani. Mtihani ukiuliza tarehe, mtoto atakariri tarehe hadi usiku wa manane. Ukiuliza kwa nini maji yanachemka, angalau ana sababu ya kuitazama sufuria ya mamake.

Mwaka 1985 ikaja 8-4-4, iliyotokana na Kamati ya Mackay ya mwaka 1981. Nisikudanganye, wazo lenyewe halikuwa baya: mtoto atoke shuleni akiwa na ujuzi wa mikono, si kusubiri kazi ya ofisi pekee. Kwa hivyo tukaongeza kilimo, sayansi kimu, sanaa na ufundi, muziki, biashara. Shida ni kwamba siku haikuongezwa saa hata moja. Masomo mapya yakawekwa juu ya yale ya zamani, na KCPE ikawa ya alama 700. Mwalimu afanye nini? Asubuhi na mapema tuisheni, jioni tuisheni, Jumamosi tuisheni, na kinachobaki, "mkamalize nyumbani". Mwaka 1999 Tume ya Koech ikasema waziwazi kwamba mzigo umezidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani yakapunguzwa, KCPE ikawa ya alama 500. Kwenye karatasi tulipumua.

Halafu ikaja Januari 2003, elimu ya msingi bila malipo. Kwa mwaka mmoja watoto shuleni walipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mimi ni mmoja wao, niliingia darasa la kwanza mwaka huo huo, na kusema ukweli bila ile sera sijui kama ningekuwa naandika hapa. Kwa hivyo siitukani. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Darasani kwetu tulikuwa zaidi ya 80. Mwalimu wetu akiamua kusahihisha hesabu kumi za kila mtoto, hizo ni hesabu zaidi ya 800 kwa jioni moja, na hilo ni somo moja. Haiwezekani, na hakuwahi kuweza. Alikuwa anaandika ubaoni "ukurasa wa 34 hadi 37", kesho yake anasoma majibu, mnabadilishana madaftari, rafiki yako anakuwekea tiki au mkasi.

Nikiwa darasa la tano, nilijifunza mgawanyo mrefu vibaya. Nilikuwa nasahau kuteremsha sifuri. Kila usiku nilifanya hesabu kumi na tano, zote nikikosea kwa njia ile ile, na kwa sababu rafiki yangu alikuwa rafiki wa kweli, nyingi alinipatia tiki. Muhula mzima. Ilipofika mtihani wa kufunga shule nilikuwa mtaalamu wa kukosea. Mama alikuwa ananipongeza kwa bidii, na bidii kweli ilikuwepo. Mazoezi bila mtu wa kukusahihisha hayakufundishi, yanakukazia tu ulichokuwa nacho, kiwe sawa au kibaya.

Na hayo mazoezi yalikuwa yanafanywa kwa taa gani? Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa nyumba zilizotumia stima kwa mwanga hazikufika hata robo. Wengi wetu tulikuwa watu wa koroboi na taa ya chemni. Ukiwahi kusomea koroboi unajua: unaweka kichwa karibu na daftari ili uone, moshi unakuingia, asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Na mafuta hayo hayo ndiyo ya kupikia, kwa hivyo ikifika saa tatu unusu unaambiwa zima. Kufikia sensa ya 2019 stima ya KPLC ilikuwa imefika karibu nusu ya nyumba, hatua kubwa sana. Lakini nusu ni nusu. Mwalimu mmoja akitoa kazi moja kwa darasa moja, ametoa kazi mbili tofauti: moja ya mtoto mwenye balbu na moja ya mtoto mwenye koroboi. Kesho yake anawapa alama kana kwamba ni kazi moja, na aliyeshindwa anachapwa au anasimamishwa mbele.

Sasa swali lenyewe: je, kazi yote hiyo ilileta elimu? Kuanzia karibu mwaka 2010, Uwezo walianza kutembea nyumba kwa nyumba wakipima watoto. Mwaka baada ya mwaka walileta jibu lile lile la kuhuzunisha: kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kazi ya darasa la pili. Hii ni nchi ya tuisheni, nchi ya madaftari yaliyojaa. Kwa hivyo hatukukosa kazi. Tulikosa mtoto kufundishwa, kusahihishwa, na kufundishwa tena.

Kwingineko watafiti wamefika karibu na hapo. Mwaka 2006 Harris Cooper na wenzake, wa Marekani, walikusanya tafiti nyingi za miaka iliyopita wakazilinganisha. Kwa wanafunzi wa sekondari, kazi ya nyumbani iliendana na matokeo bora kwa kiasi fulani. Kwa watoto wadogo wa msingi, uhusiano huo ulikuwa hafifu sana. Cooper si adui wa kazi ya nyumbani. Anaunga mkono kanuni inayojulikana kule ya dakika kumi kwa kila darasa: darasa la kwanza dakika 10, la nne dakika 40, basi. Linganisha na begi la mtoto wa jirani yako.

Serikali yetu si ati haijui. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kanuni za mwaka 2015 zikaweka saa za masomo kwa shule ya kutwa: saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Mwaka 2014 hata ile tabia ya kuorodhesha shule kwa matokeo ya KCPE ilisimamishwa. Lakini mchujo ulibaki pale pale, kwa hivyo kazi ilitafuta njia nyingine. Ukifunga mlango wa tuisheni, inapitia dirisha la homework.

Ndo maana hata CBC, iliyoanza rasmi Januari 2019 ikiahidi kumwondolea mtoto kukariri, iliishia mezani petu usiku. Safari hii mkopeshaji alipata mdhamini mpya: mzazi. Piga picha, chapisha kwa saiba, nunua manila, tengeneza mnyama kwa maboksi. Mwaka 2021 mzazi mmoja ambaye ni wakili aliupeleka mtaala huo Mahakama Kuu. Mwaka uliofuata rais akaunda jopo la Profesa Raphael Munavu, na ripoti yake ya 2023 ikapendekeza masomo yapunguzwe: juu ya msingi kutoka 12 hadi 8, sekondari msingi kutoka 14 hadi 9. Unaona historia inavyojirudia? Tunajaza, tunalia, tunaunda tume, tunapunguza, kisha tunajaza tena.

Na mzazi si mmoja. Kuna yule mwenye printa nyumbani. Kuna mama anayetoka kazini Industrial Area saa moja usiku akitembea kwa miguu. Kuna shosho huko kijijini anayelea wajukuu watatu, yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kusoma, na anaulizwa kuhusu kitu kinachoitwa "mradi wa dijitali". Shosho hawezi kufeli mtihani ambao hajawahi kufundishwa, lakini mjukuu wake anaweza, kwa niaba yake.

Najua majibu yenu. La kwanza: wazazi wenyewe ndio wanataka. Ni kweli kabisa. Shule isiyotoa homework tunasema haisomeshi, tunahamisha mtoto. Daftari lililojaa ndio risiti yetu ya karo. La pili: bila kazi watoto watashinda kwenye TV na simu. Inawezekana, lakini hilo ni tatizo la malezi, na kulitatua kwa kurasa nne za hesabu zisizosahihishwa ni kama kumpa mtoto mawe abebe ili asitoroke. La tatu: basi tupige marufuku. Hapo ndipo sikubaliani na wengi. Ufaransa ilikataza kazi ya kuandika nyumbani kwa shule za msingi tangu 1956, na imebidi irudie agizo hilo mara kadhaa kwa sababu halishiki. China mwaka 2021 iliamuru darasa la kwanza na la pili wasipewe kazi ya kuandika kabisa, na la tatu hadi la sita wasizidishe dakika 60, lakini mtihani wa kuingia sekondari ya juu na ule wa chuo kikuu bado unawangoja. Wazazi wanajua hesabu hiyo.

Sisi pia tunaijua. KCPE tuliizika 2023, lakini mchujo haukuzikwa nayo, umesogea tu. Sasa uko Grade 9, ambako KJSEA ilifanywa kwa mara ya kwanza 2025. Mtoto wa Grade 7 leo anabeba hofu ile ile niliyobeba mimi darasa la nane na babu yangu alibeba darasa la saba.

Kwa hivyo sisemi homework ife. Kusoma kitabu cha hadithi nyumbani, kumsomea shosho gazeti, hesabu tano za kitu ambacho kimeshafundishwa darasani, hizo zinamjenga mtoto. Ninachosema ni kwamba shule ikitaka kutuma kazi nyumbani, ijiulize kama mambo manne yapo. Je, mtoto amefundishwa tayari, au anatumwa kujifundisha? Je, anaweza kuifanya peke yake bila mtu mzima na bila kununua chochote? Je, kuna mtu ataisahihisha na kumwonyesha alikokosea? Na kama kwao hakuna mwanga, je, shule itampa dakika 40 kuanzia saa tisa na nusu, dawati likiwepo na jua likiwepo, afanye kazi hiyo pale pale? Hili la mwisho halihitaji tume. Bweni limefanya hivyo kwa miaka 100 na limeita preps.

Wewe mzazi, dada, kaka, mjomba, leo usiku fungua daftari la mtoto wenu. Usihesabu kurasa. Rudi nyuma wiki mbili utafute kosa moja, kisha uangalie kama kuna kalamu nyekundu iliyolirekebisha na kama wiki iliyofuata mtoto aliacha kulifanya. Kama kosa lipo pale pale, kila usiku, kwa mwandiko nadhifu, basi hapo hakuna anayejifunza. Nenda ukaongee na mwalimu kwa heshima. Huenda naye amechoka kutuma hilo deni kama wewe ulivyochoka kulilipa.